Diski Aliyoiacha Nzima

Walikutana penye foleni ya lifti, saa mbili asubuhi, watu wamebanana. Kijana mgeni kazini, Mrefu kwa jina la utani, akamwagia chai gauni la samawati la dada mmoja, lililopigwa pasi likanyooka.

"Kaka, gauni hili limekukosea nini?"

"Limeniteka macho, dada. Nisamehe."

Alisamehewa. Kumbe wote ni wa chumba kimoja, cha kompyuta kuu ya idara ya pensheni: Mrefu akiunganisha diski nyingi ziwe ghala moja, yule dada, Bi Makini wanavyomwita, akizifuta zilizokaa bure. Mwaka ulipotimia, wakiwa wamependana, wazee wa Mrefu wakapanga kupeleka posa kwa kina Bi Makini siku ya Jumamosi.

Kazini kwao diski haiingii ghalani mpaka ikatwe, yaani igawanywe kwa kompyuta, walau sehemu moja, ili kila anayeichungulia ajue ina mwenyewe. Jumatatu ya wiki hiyo ya posa Mrefu akawa na haraka. Akaiingiza diski mpya nzima nzima, hakuikata, wala hakuandika daftarini. Jumanne Bi Makini akaichungulia, hakuona sehemu hata moja, akaifuta. Ghala lote likaanguka, na mafaili ya wastaafu ndani yake.

"Nani kafuta?" mkuu wa idara aliuliza mbele ya wote.

"Mimi," Bi Makini akajibu, akamgeukia Mrefu aseme lake.

Mrefu akatazama viatu vyake. Bi Makini akasimamishwa kazi palepale.

Alasiri simu ya Bi Makini ikalia. Ni Mrefu.

"Kipenzi, umekula?"

"Usiniite kipenzi. Kwenye viatu uliona nini?"

"Niliogopa. Ningefukuzwa."

"Kwa hiyo nifukuzwe mimi. Unatafuta mke au ukuta wa kujifichia?"

"Hasira zikipoa tutaongea."

"Hazipoi. Mungu alikuona ukinyamaza, na mimi nilikuona. Waambie wazee wako wasijisumbue."

Akakata.

Kesho yake Mrefu akaingia kwa mkuu bila kuitwa, akaomba wale wale waliokuwapo jana waitwe, akasema yote. Akapewa barua ya onyo, akaondolewa kwenye kazi ya diski. Bi Makini akarudishwa. Wakakutana koridoni.

"Nimesema."

"Nimesikia. Umechelewa siku nzima, na siku hiyo mama yangu amelia."

"Na Jumamosi?"

"Njooni. Ila kabla wazee wako hawajafungua mdomo, utamweleza baba ulichonifanyia. Wewe, si mjomba wako."

"Akinifukuza?"

"Safari hii utafukuzwa kwa kosa lako mwenyewe."

Mrefu akaitikia kwa kichwa. Bi Makini hakutabasamu. Ila alipompita alimnyoosha kola, kwa nguvu, kama anayetaka kuing'oa.