Kiti cha Kulia

Haya nilielezwa na Loisi mwenyewe, msimu uliopita wa zabibu, tumekaa sakafuni kwangu tunatoa punje mbovu kwenye vichala. Alikuwa haoni tena haya kuyasema. Nami nayaweka kama alivyoyatoa.

Ilikuwa Jumanne, mwaka elfu mbili na mbili, jua la saa nane.

"Mkono wa kushoto, shoga. Kaandika wa kushoto," alisema Joha, karatasi mkononi.

"Nisomee tena."

"'Ukishafunga mkanda, nyoosha mkono wa kushoto, utaukuta mpini wa mafuta. Usukume taratibu mpaka mwisho.'"

Loisi akafumba macho, akanyoosha mkono wa kushoto. Pa! Vidole vikagonga plaiwudi.

"Nimegonga mlango."

"Labda mkono wako mrefu."

"Joha, mkono hauwezi kurefuka upande mmoja."

Alikuwa amekaa ndani ya sanduku kubwa la mbao, uani kwenye nyumba aliyopanga pamoja na Joha, mtaa wa Area D. Sanduku lenyewe lilikuwa chumba cha rubani cha ndege ndogo: viti viwili mbele, sukani mbili, ubao uliotobolewa matundu ya geji. Shirika dogo la kupeleka dawa vijijini lilikuwa limenunua kompyuta yenye mchezo wa kurusha ndege. Likataka kompyuta hiyo iwekewe chumba kamili, kila kitufe mahali pake, ili wanaojifunza urubani wazoeze mikono kabla ya kupanda ndege ya kweli. Kazi ya kuchora akapewa Loisi. Yeye alikuwa mchora ramani za majengo serikalini, hadi walipopunguzwa kazi, na tangu hapo alikuwa akichora vibao vya maduka. Jumamosi Kapteni Charles, rubani mkuu wa shirika, angekuja kukagua.

Vipimo vyote, pamoja na maelezo ya ile karatasi, alipewa na mchumba wake, Optatus. Rubani Optatus, wa shirika hilohilo.

"Usisumbuke kuja uwanjani," alikuwa akimwambia. "Ndege yenyewe haitulii, na walinzi wa pale wakali. Mimi naijua kama kiganja changu. Wewe chora tu."

Akachora. Seremala akafuata mchoro, na asubuhi hiyo ndiyo kwanza alikuwa amepigilia ubao wa mwisho. Harusi ilibaki wiki tatu.

"Soma ya geji," alisema Loisi.

"'Geji ya mwinuko iko mbali kidogo. Lazima uchungulie, maana usukani wa mwenzako unaikinga.'"

Loisi akafumbua macho. Tundu la geji ya mwinuko lilikuwa mbele ya pua yake, kama sahani mezani. Hapakuwa na cha kuchungulia.

"Kwani rubani anakaa wapi?" aliuliza Joha. "Si kulia, kama dereva?"

"Hiyo ni gari. Karatasi ya kapteni imeandikwa, kiti cha rubani ni cha kushoto."

Akatazama viti vyote viwili. Kisha akainuka, akahamia kiti cha kulia. Akafumba macho, akanyoosha mkono wa kushoto. Mpini ukaingia kiganjani kama umeitwa. Akatazama geji ya mwinuko: usukani wa kushoto ulikuwa umeikinga, ikabidi achungulie. Maneno yote ya Optatus yakakaa sawasawa.

"Shoga, mbona umekuwa kama umemwagiwa maji?"

"Opta hajawahi kukaa kule," alisema Loisi, akionyesha kiti cha kushoto. "Hata siku moja."

Joha alikuwa mpiga chapa ofisi za Bunge, na kati yao wawili ndiye mwenye simu ya mkononi. Loisi akaiomba, akaandika: "Njoo leo saa kumi. Ni mimi Loisi."

Jibu halikukawia. Joha akalisoma kwa sauti:

"'Nakuja mpenzi. Leo tumeruka sana, rubani wako nimechoka.'"

"Mwambie aje na uchovu wake," alisema Loisi.

Optatus alifika na shati jeupe lililopigwa pasi, mrefu, mcheshi, mtu wa kusalimia hadi kuku. Joha akakumbuka ana nguo za kufua.

"Ee, Loi! Limependeza! Mbona hata ndege ya kweli itaona wivu?"

"Asante. Panda, ukalijaribu."

"Nipande?"

"Kaa kwenye kiti chako."

Optatus akacheka, akazunguka, akainua mguu kuingia. Upande wa kulia. Mguu ukabaki hewani. Akamtazama Loisi.

"Nili... nilitaka kuanza na upande wa mwanafunzi."

"Opta."

"Naam."

"Shusha mguu, utachoka. Halafu niambie kazi yako ni nini."

Akashusha mguu. Akakaa kwenye ukingo wa sanduku, mikono katikati ya magoti.

"Napakia mizigo. Nasafiri na kapteni kusaidia kushusha dawa. Nakaa kulia."

"Nani alisema wewe ni rubani?"

"Si mimi! Siku ile kwenye kamati ya harusi ya binamu yako, mzee mmoja alisema, 'Huyu nimemwona akishuka kwenye ndege, huyu ni rubani.' Nikataka kumsahihisha. Ndipo ukageuka ukanitazama."

"Nilikutazama vipi?"

"Vile ulivyonitazama."

"Usiniletee macho yangu hapa. Kukaa kimya ulikaa wewe."

"Nilikaa mimi. Kila wiki nikasema, Jumamosi hii nitamwambia. Halafu baba yako akanitangaza kanisani. Baada ya pale ningesemaje, Loi?"

"Kwa mdomo."

Optatus akainama. Loisi aliniambia moyo wake siku hiyo ulikuwa na hasira mbili, na hakujua ipi ni kubwa. Moja ya mwanamke aliyedanganywa. Nyingine ya mchoraji aliyetoa mchoro mbovu wenye jina lake chini.

"Sikiliza," alisema. "Nikivunja uchumba leo, watasema rubani kamwacha binti wa Bartolomayo. Nikinyamaza, nimekuwa mwongo mwenzako. Sifanyi hilo wala lile. Kesho alfajiri unanipeleka uwanjani, napima mwenyewe. Jumapili unakwenda kanisani Makutupora, unasimama palepale ulipotangazwa, unasema."

"Mbele ya watu wote?"

"Kwani ulitangazwa mbele ya mbuzi?"

"Na nikifanya hivyo, utakubali nikuoe?"

"Hilo sijakuahidi. Fanya kwanza."

Kesho yake saa kumi na mbili na robo walikuwa uwanja wa ndege. Walinzi hawakuwa wakali hata kidogo. Mmoja alimpa Loisi kigoda. Kapteni Charles, mtu mzima mwenye miwani, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Rubani? Opta huyu?" Akamgeukia Optatus, aliyekuwa akitazama viatu vyake. Hakucheka. "Na wewe, dada, michoro uliyoniletea?"

"Upande wa kulia ni sahihi. Upande wa kushoto ni wa kukisia. Opta kauona kwa pembeni tu."

"Kwa nini hukuja kupima?"

"Nilikosea, kapteni. Nilimwamini mtu badala ya rula. Kama unataka kumpa kazi hii mwingine, ni haki yako. Lakini ukiniachia, Jumamosi utaipata."

Kapteni akatazama saa.

"Tunaondoka saa mbili kamili."

"Inanitosha."

Loisi akapanda kiti cha kushoto, Optatus akakaa cha kulia kumshikia ncha ya futi. Hawakuzungumza mapenzi hata neno moja. Ilikuwa ni "shika hapo," na "soma," na "sentimeta nane na nusu," na "rudia." Kila geji aliipima mara mbili, kila kitufe akakichora na kuandika kinasogea juu au chini. Saa mbili kasoro dakika tano akafunga daftari. Optatus akataka kumsaidia kushuka, Loisi akashuka mwenyewe.

Siku tatu hakutoka uani. Alibandua ubao wote wa mbele, akachora mwingine, akakata kwa msumeno mwembamba, akasugua kwa msasa hadi kucha zikawa nyeupe. Optatus alikuja kila jioni akitoka kazini. Alishika ubao, alichemsha gundi, akaondoka. Joha hakuweza kuvumilia.

"Shemeji, umekuwa bubu?"

"Najifunza, Joha."

"Unajifunza ububu?"

"Najifunza kutosema nisichokijua."

"Hee! Basi somo ni refu, leta daftari."

Loisi alicheka. Alikuwa hajacheka tangu Jumanne, akajikuta anakasirika kwa kuwa amecheka.

Jumamosi Kapteni Charles akaingia kwenye sanduku, akavua miwani, akafumba macho. Mkono wa kulia ukaenda kwenye mpini wa mafuta, ukaupata. Ukashuka, ukaupata wa mabawa. Wa kushoto ukaenda kwenye ufunguo, ukaupata.

"Pedali ziko mbali kidogo."

"Miguu yako imekunjwa, kapteni. Nyoosha. Au zivute, zina vitundu vitatu vya kusogezea."

Akavuta. Akafumbua macho.

"Dada Loisi, mwezi ujao tunapata ndege ya pili. Nayo itahitaji sanduku lake. Ila hiyo usimwulize mtu."

"Nitakuja na kigoda changu mwenyewe."

Ikabaki Jumapili.

Mzee Bartolomayo, baba yake Loisi, alikuwa mkulima wa zabibu Makutupora, mgane, mtu wa kiti cha mbele kanisani. Wakati wa matangazo Optatus aliinuka. Watu wakatabasamu, wakidhani rubani wao anataka kuwaalika harusini.

"Jina langu ni Optatus," alisema. "Hapa nilitangazwa kuwa ni rubani. Mimi si rubani. Sijawahi kurusha ndege. Napakia mizigo ya dawa. Mzee Bartolomayo hakuwadanganya, nilimdanganya mimi, na Loisi pia. Naomba msamaha."

Mama mmoja nyuma akasema, "Haya makubwa," wengine wakacheka kwa kujizuia. Mzee Bartolomayo hakugeuza shingo. Akatazama mbele mpaka baraka ya mwisho.

Walirudi kwa miguu, mzee mbele, wao wawili nyuma. Nyumbani akajifungia chumbani mpaka jioni, akatoka kula ugali wake na mlenda. Aliponawa ndipo aliposema:

"Kijana."

"Naam, baba."

"Kwenye mnada wa mavuno kanisani nilinunua boga moja kwa bei iliyopita ya mbuzi, ili waseme baba mkwe wa rubani hashindwi."

"Nisamehe, baba."

"Boga lenyewe lilikuwa limeoza ndani." Akafuta mikono. "Hiyo kazi yako, unafanya nini hasa?"

"Napima uzito wa mizigo, baba. Kiasi gani kikae mbele, kiasi gani nyuma, nafunga kamba."

"Ukikosea?"

"Ndege inaweza kuanguka na watu wake."

"Na rubani anakagua?"

"Anakagua. Lakini haondoki kabla sijamwambia tayari."

Mzee akamtazama muda mrefu.

"Mtu mwenye kazi kama hiyo anatafuta uongo wa nini?"

"Napenda kusifiwa, baba. Ndiyo kilema changu."

"Angalau kilema chako unakijua." Akamgeukia binti yake. "Mimi nimeaibika, lakini mimi siolewi. Wewe unasemaje?"

Loisi akainuka. Akaingia ndani, akatoka na boksi la kadi za harusi, mia moja na ishirini, zilizokuwa zikingoja kugawiwa. Akachukua moja, akaiweka mezani. Ilikuwa imechapishwa kwa herufi za dhahabu: Rubani Optatus na Bi Loisi. Akatoa rula na kalamu yake ya wino.

"Leteni taa," alisema. "Giza linaingia."

"Unataka kufanya nini?" aliuliza Optatus.

"Kusahihisha. Kugawa kadi zenye uongo siwezi, na kuchapisha nyingine hatuna muda. Tarehe ni ileile."

Machozi yakamtoka Optatus, mtu mzima vile, akayafuta kwa mkono wa shati jeupe.

"Lete wembe tulikwangue hilo neno, lisionekane," alisema mzee.

"Hapana, baba. Kwenye ramani kosa halikwanguliwi. Linapigwa mstari mmoja, linabaki linasomeka. Juu yake unaandika lililo kweli, na aliyekosea anaweka sahihi yake, ijulikane ni nani."

"Niandike nini?" aliuliza Optatus.

"Kazi yako."

Loisi akapiga mstari kwa rula. Optatus akaandika juu yake, "Mpakiaji," akaweka sahihi. Mzee Bartolomayo akaipokea kadi, akaipulizia wino ukauke, akaiweka pembeni. "Nyingine."

Wakaendelea hivyo. Mstari, neno, sahihi, pumzi ya mzee. Kwenye kadi ya hamsini pumzi ya mzee ikawa mkoromo. Loisi akamwamsha, akamshika mkono mpaka kitandani, mzee akalala hata kandambili hajavua. Kwenye kadi ya tisini na moja kalamu ya Optatus ikaanza kuandika milima. Akaimalizia, akalaza kichwa juu ya mkono wake, palepale mezani.

Loisi akapiga mistari kwenye kadi zote zilizobaki. Angeweza kuweka na zile sahihi, maana mkono wa Optatus alishaujua. Hakuweka. Akazipanga mbele yake, ishirini na tisa, na kalamu juu, zimsubiri asubuhi. Akamfunika khanga mabegani. Akapuliza taa, akaenda kujilaza, na kabla hajamaliza kuvuta shuka usingizi ukamchukua.