Vikombe Viwili vya Bibi Tomasa

Asubuhi ile niliosha mahindi yaliyolala kwenye maji ya chokaa, nikayasaga, nikaanza kuchoma chapati za mahindi kama siku zote. Aliyekuwa tofauti ni mama. Alikaa karibu na moto, mikono juu ya tumbo. Tarehe yake ya kujifungua ilikuwa imepita kwa siku kumi na mbili, na daktari wa mjini alikuwa ameagiza aende leo akaanzishiwe uchungu kwa dripu.

Bibi Tomasa, mama yake mama, amezalisha nusu ya kijiji chetu, nami nikiwemo. Dripu haipendi hata kidogo.

"Yale maji yao yanamvuta mtoto kwa nguvu," alisema huku akimimina kitu kutoka kwenye sufuria. "Kunywa hii, Amparo. Ukifika huko uchungu umeshaanza, hawatakugusa."

Ilikuwa sihuapatli, majani ambayo jina lao kwa Kinahua, lugha yetu, maana yake ni dawa ya wanawake. Mama alikunywa kikombe kimoja, bibi akamwongeza cha pili. Hakuna kilichoanza. Tukateremka barabarani kutafuta gari, ukungu ukiwa mzito hata mlima hatuuoni.

"Casilda," bibi alininong'oneza njiani, "manesi wakisikia habari za majani watatutukana. Wakiuliza, amekunywa uji. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Mama na bibi hawajui Kihispania zaidi ya salamu, na mimi ninakisoma shuleni. Ndiyo maana hospitalini waliniruhusu kuingia hadi kitandani, ingawa nilikuwa na miaka kumi na miwili tu. Nilikuwa mdomo wao.

Nesi Rebeca, mama mmoja mnene asiye na muda wa kupoteza, alifungua faili. "Muulize mama, ametumia dawa yoyote? Mitishamba je?"

Nikauliza. Mama akamtazama bibi, bibi akanitazama mimi.

"Amekunywa uji tu," nikasema. Neno hilo lilitoka kwa urahisi, na urahisi huo ndio unaonitisha mpaka leo.

Wakamfunga mama mkanda tumboni, na kutoka kwenye mashine tukasikia moyo wa mtoto ukienda mbio. Kisha dripu ikaanza, tone moja moja. Uchungu wa kwanza ulimfanya mama ashike ukingo wa kitanda. Wa pili ukaja kabla wa kwanza haujaisha, kisha wa tatu juu ya wa pili. Jasho lilimtiririka shingoni.

"Casilda, uchungu hauniachi," alisema. "Haunipi hata nafasi ya kuvuta pumzi. Mwambie."

Nikamwambia nesi. Akaikagua dripu, akakunja uso. "Ajabu. Nimeweka kidogo sana."

Ndipo mapigo yale kwenye mashine yakaanza kupungua kasi. Kati ya pigo na pigo nilikuwa nangoja, na kila mara nilingoja zaidi. Bibi alikuwa ameshika ncha za mtandio wake, akisali kimyakimya. Nilipomtazama, akatikisa kichwa: nisiseme. Niliogopa sana. Nilimwogopa yeye, nikaogopa matusi, lakini ile sauti niliiogopa zaidi.

"Alikunywa sihuapatli," nikasema kwa Kihispania. "Vikombe viwili, leo asubuhi. Nilikudanganya."

Nesi hakunitukana. Alifunga dripu, akamlaza mama ubavu wa kushoto, akamvalisha barakoa ya oksijeni, akamwita daktari. Kisha akaniuliza, "Majani kiasi gani?"

Nikamgeukia bibi. Akaachia ncha za mtandio wake. "Mwambie konzi mbili," akasema. "Na mwambie ni mimi niliyempa."

Tukangoja. Moyo ulisuasua, ukasuasua tena, kisha polepole ukarudi mbioni. Saa kumi alasiri mama alijifungua mtoto wa kike mwenye midomo ya bluu. Walimsugua mgongo muda mrefu kabla hajalia, na alipolia, nikalia naye.

"Nilikuwa namsikia akinipiga teke," mama aliniambia baadaye, akiwa amemkumbatia, "kisha akatulia, kama mtu aliyechoka kubisha hodi. Sababu nilikuwa naijua, mwanangu, nikafunga mdomo kwa kuogopa kutukanwa. Ungenyamaza na wewe, leo ningekuwa nazika."

Nesi Rebeca alikuja kumpima. "Mwambie bibi yako: dawa yake ina nguvu, na yangu ina nguvu. Zikikutana bila mimi kujua, ninaua mtu kwa mikono yangu. Na sisi tunaotukana watu tunawafundisha kuficha. Hilo nalo litafsiri."

Nilitafsiri yote, sikupunguza neno.

Siku hizi mjamzito anayengoja dripu hapati kwa bibi hata tone la majani yake. Na yeyote aliyekunywa majani kabla ya kwenda hospitali, bibi huniita niandike karatasi ya kumpa nesi: amekunywa nini, kiasi gani, saa ngapi. Bibi hajui kusoma, kwa hiyo hunitaka nimsomee, kisha nimsomee tena, huku akinitazama mdomoni.