Mkono Asioujua Ngurdoto

Mikono minne ya mpira ilishuka kutoka darini bila kelele. Wa kwanza ulimwinua farasi mweusi mguu wa mbele, ukachokoa tope na vijiwe vilivyonasa chini ya ukwato. Wa pili ulimpiga brashi mgongoni. Wa tatu ulimwongezea nyasi kavu horini, na wa nne ulimbandika ubavuni kisahani kilichoitwa sikiotumbo, kazi yake kusikiliza utumbo ukisaga chakula. Farasi, jina lake Ngurdoto, alisinzia.

"Na wewe mwenyewe hushiki chochote?" aliuliza Bi Tulia Kihwelo, mwenyekiti wa chama cha wamiliki wa farasi wa jiji.

"Sishiki chochote," alijibu Mhandisi Aikande Nnko, na hakuficha fahari yake.

Tangu magari yazuiwe katikati ya Arusha, farasi walikuwa wamerudi mjini. Watu waliwapenda, ila kuwatunza kuliwashinda. Farasi hasubiri mwenyewe atoke kazini: anataka maji safi, kwato zikaguliwe kila siku, malazi makavu. Ndipo Aikande alipobuni Mlezi, banda linalofanya yote hayo lenyewe. Ngurdoto aliingia humo akiwa bado mtoto, akakulia humo. Siku hiyo Bi Kihwelo alikuja kuangalia kama chama chake kiagize mabanda ya wanachama wote.

Walikuwa wakinywa chai nje wakati Mlezi alipozungumza.

"Upande wa kulia wa tumbo uko kimya. Ngurdoto amekunywa maji kidogo tangu baridi ianze. Nashuku msokoto wa tumbo. Nimeondoa chakula na nimemwita daktari."

Aikande aliweka kikombe chini. Ngurdoto alikuwa akiparua sakafu kwa ukwato, akigeuza kichwa kutazama ubavu wake. Jasho lilimtoka shingoni, na Julai ile watu walikuwa wamevaa makoti. Akapiga magoti, akataka kujibingirisha.

Uso wa Dokta Saruni Mollel ulitokea kwenye kioo cha ukutani. "Niko njiani, mhandisi. Mtoe nje umtembeze taratibu. Asijibingirishe humo ndani, atajiumiza ukutani."

Mikono ya Mlezi ilining'inia kwenye reli za darini. Haikuweza kuvuka mlango.

Aikande akachukua kamba, akaingia. "Haya, baba, twende."

Ngurdoto alirudi nyuma kwa kishindo. Aikande alipomgusa shingo, farasi alisisimka ngozi yote, akageuza makalio na kurusha teke lililovunja ubao karibu na goti la Aikande.

"Toka humo, atakuua!" Bi Kihwelo alipiga kelele.

Aikande alitoka. Alijua idadi ya mapigo ya moyo wa farasi yule, alijua joto lake la jana na la juzi. Lakini harufu yake yeye, Ngurdoto hakuijua. Hakuwahi kupewa nafasi ya kuijua.

Akatazama juu. Kisha akapanda ngazi, akauvua mkono mmoja wa Mlezi ngozi yake ya mpira, ikatoka nzima kama soksi. Akaivaa hadi begani. Ilinuka nyasi na dawa ya kwato.

Safari hii aliingia kimyakimya. Alitanguliza mkono ule wa mpira, akaushusha shingoni kwa mwendo uleule alioiandikia mashine. Ngurdoto alitetemeka, akatulia. Aikande akamfunga kamba, wakatoka pamoja juani.

Walizunguka uwanja hadi daktari alipofika. Saruni alimchoma sindano ya maumivu, akampitisha mrija puani hadi tumboni na kummiminia maji yenye chumvi. Muda wote huo Aikande aliushikilia ule mkono wa mpira usoni mwa farasi. Jua lilikuwa limeanza kuegemea upande wa magharibi Ngurdoto alipoinua mkia na kudondosha mavi.

"Huyo!" Saruni alicheka. "Utumbo umefunguka. Hongera, mhandisi. Mashine yako imemuwahi mapema mno, mimi nisingegundua."

"Basi tunaagiza," Bi Kihwelo alisema, bado ameshika kifua. "Si umesikia?"

"Mtaagiza lililo tofauti na hili, mama. Mlezi atasikiliza, atapima, ataita daktari. Brashi na kwato ni za mwenye farasi. Hiyo mikono naiondoa."

"Lakini hiyo ndiyo kazi tuliyotaka kuikwepa!"

"Najua. Leo kama Ngurdoto angekuwa wako, angemfuata nani nje?"

Bi Kihwelo aliaga bila kuahidi kitu, na Aikande hakumsihi.

Asubuhi iliyofuata Aikande aliizima mikono yote, akamtilia Ngurdoto maji ya uvuguvugu, akasimama mlangoni na brashi mkononi, bila ile ngozi ya mpira. Farasi alijibana ukutani kule mbali. Aikande akaanza kumsimulia habari za baridi na bei ya nyasi, kwa sauti ya kawaida, maana hakujua farasi huzungumzishwa nini. Simu yake ililia mfukoni mara kadhaa, akaiacha. Baada ya muda mrefu sikio moja la Ngurdoto liligeuka upande wake, likabaki hapo. Aikande akaendelea kusimulia.