Kiti cha Tisa

Sogea nikutegee. Kiko mdomoni mwa mtu wiki tatu nzima. Hakimezeki, hakitemeki, na mwenyewe anakula, anacheka na kusalimia watu nacho humo humo. Ni nini? Hapana, si jino bovu. Wala usinipe mji, sina haraka nao. Kaa na kitendawili chako, tutafika.

Mwenye mdomo huo walizoea kumwita Mshonaji, na saa hiyo alikuwa amesimama mlangoni pa mgahawa, simu sikioni, akimweleza mwenzake alichokiona ndani.

"Vitambaa vyeupe mpaka chini, dada. Wahudumu wanatembea kama wanaogopa kuamsha mtoto."

"Bei je?"

"Hawajaandika."

"Toka hapo upesi," mwenzake akasema, "kabla hawajakutoza hewa."

Mwenzake huyo ni Gundi, na jina lilitokana na kazi. Walikuwa wanane katika karakana moja ya kujalidi vitabu. Mshonaji alishona kurasa, Gundi alibandika majalada na kubandika maneno yasiyo yake, na Mkataji alisimama kwenye mashine ya kunyoosha kingo. Mwaka uliopita walijalidi kitabu cha mapishi ya Kihispania. Wiki nzima walinusa gundi huku macho yakila wali wa manjano uliotandazwa kwenye kikaango kipana kama ungo, kamba wamepangwa juu yake kama wanaota jua. Mkataji akaapa kwamba hawatazeeka kabla hawajaula wali ule.

Sasa Mkataji alikuwa anaondoka. Tajiri wao alifungua karakana nyingine mji wa mbali, na Jumatatu asubuhi Mkataji angepanda basi. Wenzake wakakubaliana wamuage kwa wali ule ule, mahali pa Kihispania pa bei ya kati, pasipomwaibisha mtu wala kumfilisi. Kazi ya kutafuta mahali wakamtwisha Mshonaji, kwa kuwa ana jicho na hana makuu. Hawakujua wamempa sindano ajishone mdomo mwenyewe.

Maana kisa kilianza na tangazo ukutani. Liliandikwa wanahitajika wawili kule, mkataji mmoja na mshonaji mmoja. Mkataji alijaza jina lake, kisha akaja mezani kwa Mshonaji, vipande vya karatasi vimemganda mikononi. Miaka minne alikuwa anamchongea vibao vya kukunjia karatasi, anamwachia kiti cha karibu na dirisha, na hajawahi kusema kwa nini. Siku ile akasema maneno mawili.

"Niende mwenyewe?"

Na Mshonaji, ambaye akishikwa pabaya hukimbilia utani, akajibu bila kuinua macho:

"Kwani unaogopa njia?"

Mkataji akacheka nusu. Akarudi kwenye mashine yake. Toka siku hiyo hakuuliza tena, na ile nafasi ya mshonaji kwenye tangazo ikabaki tupu.

Basi Mshonaji akaendelea kuzunguka. Mgahawa wa pili ulikuwa rahisi mno, Uhispania wote uliishia kwenye ubao wa nje. Ndani palikuwa na muziki wa kupasua kichwa. Aliuliza bei kwa vidole na akajibiwa kwa vidole. Akatoka. Wenzake walidhani anapima bei, kumbe anapima kelele. Alitaka mahali ambapo mtu anaweza kusema neno dogo, mara moja, likasikika.

Mgahawa wa tatu ukamkaa moyoni. Bei zimeandikwa kwa chaki, za kawaida. Chakula kinaletwa kwa vijisahani mnavyogawana, na wali wa kikaango unapikwa watu wakiwa wameshaketi. Pembeni, chini ya dirisha, palikuwa na meza ya viti viwili. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Watu wangapi, mama?" mhudumu akauliza, kalamu tayari.

"Tisa," mdomo ukasema.

Sikiliza hapo. Karakanani kwao, kazi ya nakala mia inashonwa mia na moja. Ile moja ni ya akiba, isije ikaharibika nyingine. Mshonaji alikuwa ameishi hivyo miaka kumi na miwili. Hata mayai alinunua saba akitaka sita. Hakugundua alichosema, alikuwa bado anaangalia meza ya dirishani, na tisa hawakai hapo. Wakaandikiwa meza ndefu ya katikati.

Alipotuma picha ya karatasi aliyoandikiwa pale kwenye kundi la simu, Gundi hakukawia.

"Tisa? Sisi si wanane?"

"Shemeji anakuja," akaandika mwingine.

"Ni makosa yangu tu," Mshonaji akajibu.

"Hayo makosa yana urefu gani? Yana ndevu?"

Kundi zima likaangua vicheko vya kwenye simu. Kadiri alivyokataa ndivyo walivyozidi kuamini. Alipiga mgahawani apunguze mtu mmoja. Akaambiwa kiti kimoja hakisumbui, amlete tu mgeni wake bila wasiwasi. Akashukuru, akakata simu.

Jioni ikaingia meseji nyingine, nje ya kundi. Ya Mkataji.

"Nimesikia unakuja na mtu. Ni vizuri. Nilikuwa sijui."

Akaandika: Si kweli. Akaona kama anaomba, akafuta. Akaandika: Mtu gani, nina nani mimi? Akafuta. Mwisho akatuma:

"Tutaonana Ijumaa."

Akakaa na simu mapajani kama mtu aliyeshika chungu cha moto na haoni pa kukitua. Dada yake mkubwa, aliyemlea na ambaye miguu ilikuwa inamsumbua, akamwuliza kulikoni. Akaeleza yote, na mwishoni akaongeza kwamba hata hivyo asingeweza kwenda, nani angebaki na dada.

Dada akanyoosha mguu wake mbovu, akautazama.

"Mdogo wangu, huu mguu umenizuia kupanda ngazi," akasema. "Wewe haujakuzuia kusema. Usinisingizie."

"Na wewe utabaki na nani?"

"Na majirani, na simu yangu, na raha ya kutokusikia unahema usiku kucha. Nenda ukamjibu mtoto wa watu."

Rahisi kusema. Ijumaa ikafika, saa kumi na mbili jua bado liko dirishani, na Mshonaji akajikuta katikati ya meza ndefu, Mkataji kule mwisho kabisa, na kando yake kiti kitupu. Wenzake walikiacha kwa heshima. Kila mhudumu alipopita aliweka pale kijisahani, uma na glasi, vikapangika mbele ya hewa. Gundi akawa anachungulia mlango. Kila mwanamume aliyeingia, alimpima.

"Huyu? Hapana, mfupi. Yule je? Mama, yule ana mke, namjua."

Mshonaji akacheka na wenzake. Akajaribu kumtazama Mkataji; Mkataji alikuwa anasoma orodha ya vyakula kama anatafuta jina lake humo. Mara mbili alifungua mdomo, mara mbili mtu akampa zeituni. Neno la namna ile huwezi kulirusha juu ya vichwa sita na bakuli la viazi.

Mhudumu akaja na karatasi yake.

"Wali tunaupika mkitimia, na ukiiva hausubiri mtu. Tumngoje mgeni au tuanze?"

Meza nzima ikamgeukia. Hata Mkataji. Hapo Mshonaji akaona kwamba akitania tena, atatania maisha yake yote.

"Pikeni," akasema. "Hakuna anayekuja."

"Amekuangusha?" Gundi akauliza, safari hii kwa huruma ya kweli.

"Hakuwepo wa kuniangusha. Nilihesabu kama kazini. Wanane, na mmoja wa akiba."

Msimamizi wao akapiga goti lake kwa kicheko, akisema na yeye amewahi kununua viatu vitatu, uongo mtupu, na meza ikalipuka. Gundi akafuta machozi kwa kitambaa cha mezani, akaomba radhi kwa zile ndevu.

Mkataji hakucheka. Alisimama, akachukua glasi yake, akapita nyuma ya migongo ya watu wote akiomba njia, akaja akasimama kwenye kiti kitupu.

"Hiki cha akiba kina mtu?"

Mshonaji akatikisa kichwa kwamba hakina. Mkataji akakaa. Walikaa hivyo, bega kwa bega, mpaka kikaango kikaletwa na watu wawili, wali wa manjano unafuka, kamba juu yake wamejipanga kama kwenye picha ile. Watu wakainua simu kupiga picha. Gundi akanusa na kutangaza kwamba kwa mara ya kwanza haunuki gundi.

Katika kelele ile Mkataji akampakulia, upande wenye ukoko, maana alijua anaupenda.

"Jumatatu saa moja," akasema taratibu, kama anayesoma ratiba. "Tiketi nimeshakata. Lile tangazo nimelipita leo. Bado lina nafasi moja tupu. Wanalibandua kesho saa sita."

Hakuuliza. Alishauliza wiki tatu zilizopita, na mtu mwenye haya haulizi mara mbili.

Mshonaji akashika uma, akauweka. Mikono inayotunga uzi kwenye sindano bila kuangalia ilikuwa haijui pa kukaa. Akatafuta utani, na utani haukuja. Akatazama meza ya dirishani, ile ya watu wawili aliyoitamani. Palikuwa na koti la mtu limetupwa juu yake. Akamgeukia.

"Usiende mwenyewe," akasema.