Nusu ya Kidonge

Shekha aligongana na Msellem mlangoni mwa posta ya Malindi, watu wamejaa hadi barabarani. Msichana kavaa buibui linalonukia udi, kijana shati jeupe lililopigwa pasi, na disketi zote za kompyuta alizobeba kijana zikatawanyika chini.

"Pole, kaka. Nikutake radhi vipi?"

"Nitajie jina lako tu."

Wiki ya pili Msellem akamkuta tena, safari hii kwenye zahanati Shekha alikokuwa akigawa dawa. Msellem ndiye aliyeletwa kuipanga upya programu ya kompyuta iliyochapa lebo za wagonjwa. Alikuwa na chombo alichokitunga mwenyewe. Kiliisoma programu, kikakisia kila kipengele ni cha aina gani, maneno au namba, kisha kikapendekeza aina hiyo.

"Kinajuaje?" Shekha akauliza, ameegemea meza.

"Kinatazama yaliyopita, mpenzi. Kidonge kimoja, viwili, vitatu. Basi dozi ni namba kamili, nami nabonyeza Ndiyo."

"Na anayekunywa nusu, kama babangu kwa moyo wake? Kikuonyeshe basi kimetazama wangapi, kikungoje uamue."

"Haya, wewe uwe fundi, mimi nigawe dawa!" Akacheka, akabonyeza Ndiyo kwa vyote. Alikuwa amependa, na masikio yake yalikuwa likizo.

Agosti 1988 Shekha akaenda Mombasa harusini, wiki mbili. Siku ya kumi simu ikalia kwa shangazi yake; Msellem alipiga kutoka zahanati.

"Nimeleta posa kwenu, roho yangu! Babako kakubali."

"Mimi hukuniuliza?"

"Nilijua utakubali. Siku zote wanichekea."

Shekha akamkumbuka babake, ambaye siku zote alimkatia kidonge kwa mkono wake mwenyewe. "Msellem, lebo ya baba imeandikwaje?"

Karatasi zikasikika zikifunuliwa. Kompyuta ilikuwa imeikuza nusu ikawa kizima.

"Kimoja," akasema kwa sauti ndogo. "Tangu ulipoondoka."

"Kimbia!"

Msellem alimkuta Mzee Abdulhalim, babake Shekha, barazani, jasho linamtiririka.

"Mwanangu, mbona leo kila kitu nakiona manjano?"

"Dawa ya moyo ikizidi ndivyo inavyofanya, mzee. Umekunywa vizima?"

"Lebo ndivyo ilivyosema. Nikajua nyinyi mmeangalia."

Kesho yake Shekha alishuka basi akaenda moja kwa moja hospitali, hina ya harusi ingali mbichi mikononi. Msellem alisimama ukumbini, macho mekundu. Mzee alikuwa amekata roho alfajiri.

"Nakupenda," Shekha akasema, analia wazi mbele za watu. "Ungeniuliza mwezi jana, ningekubali. Nenda kawaambie wazee wako wasirudi kwetu."

Akampita, akaingia kumfunua babake uso.