Tumbo la Samaki wa Mti

Jioni Munib aliwatundika samaki wake wa mti wakiwa na rangi mbichi, kila mmoja akielekea upande wake, kama ilivyo kawaida ya kitu kinachoning'inia kwa uzi. Asubuhi alipoingia bandani na kikombe cha kahawa, aliwakuta wote wamegeukia upande mmoja. Hawakutazama dirisha wala jiko. Walitazama ukuta wa ndani, na nyuma ya ukuta ule kulikuwa na kitanda cha binti yake, Sumeja.

Akawazungusha kwa kidole, mmoja baada ya mwingine. Akanywa kahawa. Alipogeuka kuweka kikombe, walikuwa wamesharudi.

"Upepo huo," akasema kwa sauti, ingawa Januari ile ukungu ulikuwa umeulalia mji wa Krupa na moshi wa majiko ulipanda wima. Munib alikuwa mtu wa namna hiyo. Akishalipatia jambo jina, kwake limekwisha.

Hakuwa mtu wa kupendeka, tuseme ukweli. Tangu aachishwe kazi kwenye kiwanda cha mbao alikuwa na ulimi wa pilipili kwa kila mtu, na kwa mama mkwe wake Zumra, aliyeishi nao chumba cha chini, pilipili ile aliisaga mara mbili. Mbali na Sumeja alipenda kitu kimoja tu, kuchonga na kupaka rangi vyambo vya kumvulia mladica, yule samaki mkubwa wa mto Una anayepatikana baridi inapouma. Hapo hata adui zake walimkubali. Alianza na nyeupe mwili mzima. Ikikauka, njano ya tumbo, aliyoifanya ififie taratibu kuelekea ubavuni. Kisha kijani cha mgongo. Kisha mabaka meusi kwa ncha ya brashi. Halafu alibana kipande cha pazia la neti ubavuni na kupuliza rangi ya fedha juu yake, na akiliondoa pazia, magamba yanabaki safu kwa safu, ungeapa yanateleza. Kisha wekundu wa matamvua chini ya taya. Macho aliyaweka mwisho kabisa, maana wavuvi wa pale wana mwiko wao: chambo kikishapata macho hakilali nyumbani, siku hiyohiyo kinatupwa mtoni.

Zumra naye alikuwa na kazi yake. Mtoto akishtuka, akawa halali au hasemi, mama yake humleta kwa Zumra. Yeye humfunika shuka, huyeyusha risasi kwenye kijiko cha chuma, hii ya kuyeyusha, si ya bunduki, na huku akisoma Ayatul Kursi huimimina kwenye bakuli la maji baridi juu ya kichwa cha mtoto. Risasi hulia, hupasuka, hutoka na pembe na miiba, na hofu yote ya mtoto imo humo. Kisha hutupwa kwenye maji yanayokwenda, na anayetupa haangalii nyuma. Ndivyo alivyomponya Sumeja mwenyewe, aliyeanguka kutoka kwenye mtumbwi wakati wa kiangazi akakaa bila kusema neno hadi majani ya miti yalipoanza kuanguka. Na kwa kuwa magoti ya Zumra hayakuziweza tena ngazi za kushukia mtoni, risasi zote, za Sumeja na za watoto wa watu, alimpa mkwewe akatupe.

Siku ile samaki walipogeuka, Senija, mke wa Munib, alikuwa akimchana mtoto nywele jikoni. Akasita.

"Munib, umemchezea mtoto na rangi zako?"

Shingo ya Sumeja, kifua chake na mabega vilikuwa vyeupe pepepe, rangi laini iliyopakwa vizuri, bila mchirizi hata mmoja.

"Nani kakwambia uguse vitu vyangu?" Munib akafoka.

"Sijagusa, baba. Nimeamka hivi."

"Uongo huo umefundishwa na bibi yako."

"Mtaje tena mama yangu," Senija akasema, "chai yako utapika mwenyewe."

Wakamsugua kwa sabuni. Wakamsugua kwa mafuta, kisha kwa dawa ya kuyeyushia rangi hadi mtoto akalia. Nyeupe haikutoka. Na kesho yake tumbo lilikuwa la njano, ikififia taratibu kuelekea ubavuni.

Ndipo Munib alipoogopa, na kwa kuwa hakujua kuogopa kwa njia nyingine, akazidi ukali. Alifunga banda kwa kufuli na kuutia ufunguo mfukoni. Alimwambia Zumra mbele ya jirani kwamba uchawi wake umeingia nyumbani. Zumra akamjibu kwamba uchawi pekee wa nyumba ile ni mwanamume mzima kulelewa na mkewe. Hayo wakiyasema, mgongo wa mtoto uligeuka kijani. Ikaja harufu pia, harufu ya tope la chini ya mawe, baridi na chungu, ambayo iliingia kwenye mito na kwenye unga wa pita, ule mkate wao wa kujazwa, na kila tabaka jipya la rangi lilipokuja Sumeja alipoteza kitu: kwanza kucheka, kisha kuuliza maswali, kisha majina yao. Alikaa dirishani akitazama upande wa mto na kuyumba kidogo.

"Anarudi kulekule alikokuwa kiangazi," Senija akanong'ona. "Mama, mwanangu anapotea nikimwangalia."

Zumra akahamishia kiti chake chumbani kwa mtoto, akakesha. Kabla ya adhana ya alfajiri alisikia vitu vya mti vikigongana polepole upande wa pili wa ukuta, tk, tk, kwenye banda lenye kufuli, kisha akasikia pumzi fupifupi, psss, psss, jinsi Munib anavyopuliza rangi, ila pumzi hizi zilikuwa humu chumbani, karibu na kitanda, na alipoinua taa alimwona mjukuu wake amesimama amelala, mikono imebanwa ubavuni, vidole vya miguu vikigusa zulia na visigino haviligusi, akizunguka taratibu kama anayeshikiliwa kwa uzi utosini, akizunguka hadi uso wake ukaelekea mtoni, hapo akatulia, na ubavuni mwake, mbele ya macho ya bibi, magamba ya fedha yalikuwa yakijitokeza safu kwa safu, na kitu kisichoonekana kikapitisha chini ya taya zake mstari mwekundu, kwa utulivu wa fundi asiye na haraka.

Zumra hakupiga kelele. Alimkumbatia mtoto, akamlaza, akamlinda hadi alasiri, ndipo akapanda jikoni kwa magoti yake mabovu. Akakaa mbele ya Munib.

"Magamba yameshaingia," akasema kwa sauti ya chini. "Na matamvua. Wewe ndiye fundi, niambie. Kimebaki nini?"

Munib akafungua mdomo. "Macho," akasema.

"Haya. Sasa nikuulize na unijibu kama mtu mwenye mtoto. Risasi nilizokupa ulizitupa wapi?"

"Mtoni."

"Ulitupa, ukaondoka?"

Senija akaacha kuchochea jiko.

"Munib," akasema. "Jibu."

"Chambo bila risasi tumboni kinalala ubavu," akasema Munib, akiitazama meza. "Na risasi haipatikani siku hizi. Nikasema, si inakwenda mtoni tu? Nikaitia ndani ya samaki. Imekwenda mtoni. Nimekosa nini?"

"Na ukishakirusha chambo, we mwanamume, unafanya nini?"

Munib akautazama mkono wake wa kulia.

"Nakivuta."

"Unakivuta." Zumra akatikisa kichwa. "Yule wa mtoni analishwa hofu zetu tangu enzi za bibi wa bibi yangu. Anapewa, anashiba, anatuacha. Wewe umemtia mdomoni na kumnyang'anya. Umemtia, umemnyang'anya, baridi nzima. Mwisho amekufuata kujua ni nani anayemchezea, akakaa bandani mwako akakuangalia unavyofanya, akajifunza. Sasa anatengeneza chambo chake."

"Cha kumvulia nani?" Senija akauliza.

Zumra alimtazama mkwewe.

"Siamini mambo haya," Munib akasema. Lakini mkono wake ulikuwa umeshashika ufunguo wa banda mfukoni.

"Usiamini. Beba samaki wako wote ukawatupe sasa hivi, kungali mchana. Bila ndoana, bila mshipi. Tupa, geuka, njoo. Na usivute. Nakwambia mara moja, Munib, kichwa chako kigumu kinisikie: litokee lolote, usivute."

Akawaweka kwenye ndoo. Kulikuwa na kazi ya miezi ndani ya ndoo ile, na ilimuuma, sitamsingizia. Ukungu ulikuwa mzito hadi daraja halikuonekana; alishuka ngazi akishika ukuta. Mto ulikuwa kijani, unakwenda bila sauti. Akatupa wa kwanza. Akatupa wa pili. Kila mmoja alitumbukia, akaibuka, akachukuliwa na maji, na kila samaki alipoondoka Munib alisikia kifua kikimfunguka, hadi akaanza kulia kwa sauti akijua hakuna anayemwona, akimwomba Mungu msamaha, na hata Zumra akamwomba.

Mwisho alibaki mmoja, aliyempaka vizuri kuliko wote, ambaye tumboni mwake alikuwa ametia risasi ya Sumeja. Bado hakuwa na macho. Munib akambusu kichwani, akamtupa mbali kadiri alivyoweza.

Hakusikia kishindo cha maji.

Akasimama, mkono ukiwa bado mbele, akingoja sauti ambayo haikuja, na ukungu ukawa umetulia na mto umetulia na harufu ya tope ikapanda hadi kooni, na hapo akahisi kwenye kifundo cha mkono wake wa kulia, mkono mtupu usio na fimbo wala mshipi, mguso mdogo, halafu wa pili, halafu ule mzito anaoujua kila mvuvi wa mladica hata akiwa usingizini, ule unaoungojea misimu mitatu na ukija huna nafasi ya kufikiri, na mkono uliofanya hivyo tangu utoto wake haukumngoja yeye. Ukavuta, kwa nguvu, kuelekea juu.

Ulishika kitu.

Aligeuka akakimbia, hakuangalia nyuma, akajiambia ni baridi na mishipa tu.

Nyumbani alikuta furaha. Sumeja amekaa mapajani mwa bibi yake, ngozi safi, hana hata tone la rangi, na alipomwona akasema, "Baba, nina njaa. Mama amenizuia nisile mpaka uje." Munib akapiga magoti akamshika miguu yake midogo na kuibusu. Senija alikuwa akicheka na kulia, akikata pita ya viazi, akiunguza vidole. Harufu ya tope imeondoka. Ilikuwa harufu ya vitunguu na kuni, na kwa mara ya kwanza tangu arusi yake Munib alimwambia mama mkwe wake, "Mama, Mungu akulipe."

Zumra alikuwa na kitambaa mkononi, na kwenye kitambaa kulikuwa na damu kidogo. Akamgeuza mtoto uso taratibu. Pembeni mwa mdomo kulikuwa na tundu dogo, safi, la mviringo.

"Tulikuwa tumekaa kimya," akanong'ona. "Mara kichwa chake kikaruka nyuma hivi, kidogo shingo ivunjike. Rangi ikamtoka papo hapo. Munib, ulivuta?"

"Hapana," akasema Munib, na akainua mkono wa kulia kujifuta jasho usoni.

Kidevu cha Sumeja kikainuka.

Munib akashusha mkono polepole. Kidevu kikashuka. Akausogeza kushoto, kidogo sana, unene wa kidole, na uso wa mwanawe ukaenda kushoto, midomo imevutika upande mmoja, tundu likianza tena kutoa damu.

"Baba, acha," mtoto akasema. "Inauma."

Senija akaangusha kisu. Munib akauweka mkono juu ya meza, kiganja chini, na kuubana kwa mkono wa kushoto. Nje magari yalipita darajani kama siku zote, na pita ilitoa mvuke kwenye sinia.

"Usiutikise," Zumra akasema. "Tutajua la kufanya. Kesho nitamwita shehe. Wewe usiutikise tu."

"Siutikisi, mama."

Basi wakakaa hivyo, na chumba kikaanza kuingia giza, na mtoto, ambaye njaa haimngojei mtu, akanyoosha mkono kuchukua kipande cha pita. Ndipo Munib aliposikia mguso kwenye kifundo. Mmoja, mdogo, kutoka upande wa mto. Kisha wa pili. Akautazama mkono wake ukianza kuteleza juu ya kitambaa cha meza kuelekea mlangoni, akaukandamiza kwa uzito wote wa mwili wake, meno yakiuma midomo, na Zumra, aliyekuwa hajawahi hata kumpa mkono mwanamume yule, akamwacha mtoto kitini, akaja na magoti yake mabovu akaulalia kwa kifua chake. Senija akamkumbatia mtoto kiunoni. Meza ikasogea.

Sumeja akateremka kwenye kiti, uso mbele, akivutwa kuelekea mlangoni na mto, pita ikiwa bado mdomoni.