Mzigo wa Nha Tanha wa Brava

"Nenda mwenyewe, mpenzi wangu. Mimi nabaki kulinda boti."

"Orlandino, tuko Mindelo! Tangu tutoke kisiwa cha Sal naona maji tu, halafu mji wenyewe nikautembee peke yangu kama mjane?"

"Kichwa kinaniuma, Zenaida. Nenda ukale samaki mkunga wa kukaanga, ununue hereni. Kesho tunaondoka kwenda Brava, umwone mama."

Hilo la mama lilinimaliza. Safari yote ile ya boti ya matanga ilikuwa kwa ajili hiyo. Orlandino ni nahodha; tajiri wake alikuwa amemwazima boti, na mwisho wa safari ni Brava, kisiwa cha kwao, anitambulishe kama mchumba wake. Gauni la siku hiyo nilikuwa nimeshashona. Mindelo hata hatukupanga kupita, ila tanga lilichanika njiani, ikabidi tuingie kutafuta fundi.

Akanipeleka gatini kwa boti ya mpira, akanishusha, akageuza haraka, kofia ameivuta mpaka kwenye nyusi. Mimi mjinga nikadhani ni jua.

Mji ulinifurahisha, sitaki kusema uongo. Nilizunguka soko la samaki, nikajaribu hereni mtaa wa Lisboa, nikaishia kwenye benchi la muuza mkunga mmoja, Nha Bibinha, nha kwetu ni kama kusema bibi.

"Wewe ni wa kisiwa cha Santiago," akasema kabla sijamaliza kuagiza.

"Umejuaje?"

"Unaagiza kama unagombana na samaki!"

"Na nyie wa kisiwa hiki cha São Vicente mnaongea kama mnaimba, ndiyo maana kazi hamfanyi."

Akacheka mpaka akashika meza. "Mdomo huo! Ukitoka hapa unaenda wapi?"

"Brava, kesho. Kwa boti ya matanga."

Hapo nikajiharibia. Visiwani kwetu ukitamka tu unakokwenda, umeshakuwa posta. Nha Bibinha akageukia mtaani, akapaza sauti:

"Jamani, kuna mtu anakwenda Brava! Nani ana mzigo?"

Wakaja. Huyu ana jibini la mbuzi la binamu yake, yule ana dawa ya kikohozi ya babu. Wa mwisho alikuwa dada mmoja mrefu, mtoto mchanga kifuani, uso umechoka lakini unacheka.

"Samahani kukusumbua, dada. Naitwa Crisolita. Ni vitu vidogo tu, blanketi na picha za mtoto. Mama mkwe wangu hajamwona mjukuu wake."

"Leta tu, si tabu. Nimuulizie nani?"

"Nha Tanha, kule juu Nova Sintra. Ukisema mama yake Orlandino nahodha, hata mbuzi watakuonyesha."

Nikarudisha kipande cha mkunga kwenye sahani. Nikajipa moyo kwamba manahodha wenye jina hilo labda wako wengi.

"Na mumeo yuko wapi?"

"Sal, kazini. Maskini, likizo hapati. Angekuwepo angempelekea mama yake mwenyewe." Akambusu mtoto kichwani. "Ila Krismasi kaniahidi atakuja."

Nikasogea pembeni, nikapiga simu.

"Dino, njoo unichukue gatini."

"Mapema hivyo? Mbona sauti iko hivyo?"

"Njoo tu."

Niliporudi, Crisolita alikuwa ameshabeba nusu ya mizigo.

"Nakusindikiza, dada. Mikono miwili haitoshi."

Sikumkataza. Nilitaka kuona kwa macho yangu, na njia nzima nilikuwa naomba nionekane mwehu, iwe ni mtu mwingine. Njiani simu ikalia, ujumbe wake: "Nakuja malkia wangu. Nakupenda." Nikausoma huku mkewe akinieleza jinsi mtoto anavyokataa kulala.

Boti ya mpira ikatokea katikati ya majahazi yaliyotia nanga. Crisolita akakaza macho. Kisha akaangusha mizigo chini.

"Yule... Yule si Dino? Ni Dino! Mwanangu, baba yako huyo! Amekuja kutushtukiza!"

Akamtoa mtoto kifuani, akamwinua juu kwa mikono yote miwili ili baba yake amwone.

Orlandino akazima injini. Akatutazama, mimi na mkewe, mmoja pembeni ya mwingine. Halafu akawasha tena, akageuza, akarudi alikotoka.

Crisolita hakumshusha mtoto.

"Hajatuona?"

"Ametuona, dada."

"Wewe unamjuaje?"

Ningeweza kusema mimi ni mpishi wa boti. Uongo huo ulinijia mdomoni kabisa, nikaumeza.

"Brava nilikuwa naenda kutambulishwa kwa mama mkwe wako. Kama mchumba. Naapa kwa Mungu, sikujua kama ana mke."

Akamshusha mtoto taratibu, akamkinga uso na jua.

"Tangu lini?"

"Tangu sikukuu ya São João, mwezi wa sita. Alinipeleka kucheza ngoma."

"Huyu alizaliwa São João," akasema. "Aliniambia ndege zote zimejaa."

Nililia kuliko yeye. Nilimpenda yule mwanamume, nilimpenda hata pale gatini, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nikanyoosha mkono nimguse bega, akarudi nyuma.

"Nenda, dada. Sasa hivi siwezi kukuchukia. Nenda kabla sijaweza."

Nikaenda. Begi langu la nguo, gauni langu, vyote vilibaki kwenye boti, na sikugeuka kuvitazama. Nikakaa kwenye ngazi za ofisi ya meli kusubiri wafungue dirisha la tiketi, simu ikalia. Mama, kutoka nyumbani Assomada.

"Zenaida! Mmeshafika Brava? Shangazi zako wote wako hapa, nimeweka simu kwenye spika wakusikie! Haya, tuambie, mama mkwe amekupokeaje?"

Nyuma yake walikuwa wanapiga vigelegele.

"Mama," nikasema, "ondoa spika. Nataka nikuambie wewe peke yako."